Kuonja si Kukaribishwa

Walikuwa wameshafika kwenye kona, baba mbele na binti nyuma, sauti ya Bibi ilipowafuata kutoka dirishani.

"Onjeni kwanza! Msije mkauziwa mbuzi kwenye gunia!"

"Tumesikia, mama!" baba alijibu bila kugeuka.

"Umesikia kwa sikio gani? Hilo la kushoto limejaa cheche!"

Majirani waliokuwa wakianika nguo wakacheka. Baba naye akacheka. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Siku hiyo Cheche alivaa shati lake la shughuli. Alikuwa anakwenda kukodi ukumbi wa harusi ya binti yake. Binti alikuwa msusi, na mama yake alifariki zamani, yeye binti angali mdogo. Bibi ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemwogesha, aliyemchapa na aliyembembeleza. Mpaka sasa alimtania akimwita "mke mwenzangu".

Lakini mwaka huo Bibi aliugua tumbo. Alilazwa muda mrefu. Aliporudi nyumbani alikuwa amebaki ngozi na mifupa. Maneno tu ndiyo hayakupungua. Daktari alimwita binti pembeni.

"Tumbo la bibi yako sasa ni kama la mtoto mchanga," alimwambia. "Ale chakula kilichoiva vizuri, tena kikiwa cha moto. Chakula kibaya kitakachokuumiza wewe kwa siku moja tu, yeye kinaweza kumuua."

Binti alimweleza Bibi, naye Bibi akamjibu hivi:

"Sawa. Lakini siku ya harusi yako nitakula ukumbini, pamoja na watu. Sitaki kuletewa kibakuli cha uji pembeni kama mgonjwa. Nimekulea miaka yote hiyo, nije ninywe uji siku ya harusi yako?"

Tangu siku hiyo binti hakuwaza gauni wala maua. Aliwaza sahani ya Bibi.

Ukumbi ulipendeza kweli. Viti vilikuwa vyeupe, sakafu inang'aa, feni zinazunguka bila kelele. Meneja alikuwa mtu mwembamba mwenye tabasamu na bunda la funguo kiunoni.

"Karibuni, karibuni sana! Mzee, jisikie uko nyumbani," alisema.

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza Cheche. Alikulia katika nyumba ambayo mtoto akikunja uso mbele ya chakula cha watu, anafinywa paja. Mgeni hachagui. Mgeni anakula, anashukuru, basi.

Zikaletwa sahani mbili. Wali ulikuwa vuguvugu, na ndani una kiini kama mchanga. Kuku alinukia viungo, lakini nyama karibu na mfupa ilikuwa bado nyekundu. Binti alitafuna mara moja, akaweka kijiko chini. Cheche akala. Alipomaliza yake, akaivuta na ya binti, ili mwenye chakula asione imebaki.

"Mnaonaje?" meneja aliuliza.

"Kitamu sana!" Cheche alisema. "Mpishi wako ana mkono."

Binti akamkanyaga mguu chini ya meza. Cheche alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kutoa malipo ya awali.

"Baba," binti alisema haraka, "Bibi alitaka tumpe habari kwanza, ndipo tulipe."

Bibi hakuwa amesema hivyo. Lakini Cheche alitoa mkono mfukoni, wakaaga, wakaondoka.

Njiani walipita sokoni. Hapo binti akasimama.

"Baba, ule wali ulikuwa mtamu?"

"Ah, mwanangu..."

"Nakuuliza wewe, baba. Ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mgumu," Cheche alikubali. "Na yule kuku, nadhani alikuwa bado anafikiria kuwika. Lakini ningesema nini? Mtu amekupikia, amekuwekea mezani, umkosoe usoni?"

"Na Bibi atakula nini?"

 Cheche aliona machozi ya binti yake yamesimama kwenye kope. Akatazama pembeni, akajifanya anasoma bei za vitunguu.

Walipofika kwenye karakana ya Cheche walimkuta jirani yao, Mama Afya. Alikuwa afisa wa afya. Kazi yake ilikuwa kukagua mabucha, migahawa na masoko. Hapo alikuwa amelishika geti lake jipya kwa mikono miwili, analitikisa kwa nguvu.

"Fundi, hii bawaba ya chini inalia," alisema. "Silichukui hivi."

"Haki yako, dada. Nitaichomelea upya."

Binti akacheka kicheko cha uchungu. "Mama Afya, tafadhali mfundishe baba kutikisa chakula kama unavyotikisa geti."

Akamsimulia yote. Mama Afya alisikiliza mpaka mwisho, huku anafuta mikono kwa kitambaa. Hakumcheka Cheche.

"Fundi, mimi nikitikisa geti lako, nakutukana?" aliuliza.

"Hapana. Geti ni lako. Wezi wakija, watakuja kwako, si kwangu."

"Basi na chakula cha harusi ni hivyo hivyo. Kule ukumbini ulidhani wewe ni mgeni. Si mgeni. Wewe ndiye mwenyeji. Wageni ni wale utakaowaalika. Adabu yako yote ni haki yao, si ya meneja. Ukimwambia meneja 'kitamu' na wali ni mbichi, umemheshimu yeye, ukawavunjia heshima wageni wako wote."

Cheche alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Hilo sikulifikiria kabisa," alisema polepole.

"Wengi hawalifikirii. Sasa rudi ukaonje tena. Lakini usionje siku ambayo jiko limelala. Sahani ya kuonja hupikwa kwenye sufuria ndogo. Chakula cha harusi hutoka kwenye sufuria kubwa. Hizo ni ndugu, lakini si pacha. Omba kuonja siku wana shughuli, saa ambayo wageni wanakula. Na uombe kuliona jiko."

"Nitazame nini huko?" Cheche aliuliza.

"Tazama moshi wa chakula kuliko moshi wa jiko. Chakula cha moto kibaki cha moto, kitoe mvuke mpaka kinapoingia kwenye sahani. Kikikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu vinazaliana humo. Huvioni, huvinusi. Watu wengi hudhani wali hauna madhara, kumbe wali uliopoa na kukaa unaumiza sana tumbo. Tena vijidudu vingine huacha sumu ambayo hata ukipasha moto haitoki."

"Na kuku?" binti aliuliza.

"Mpasue mpaka kwenye mfupa. Ukiona wekundu, arudi jikoni. Angalia pia wapishi wana maji yanayotiririka na sabuni. Na kisu cha nyama mbichi kisikate kachumbari bila kuoshwa."

"Twende wote, dada," Cheche alimsihi. "Wewe una ulimi wa kazi."

"Siendi. Nikija mimi, watamwona mkaguzi. Watafanya usafi wa siku moja. Nenda wewe, ukazungumze kwa mdomo wako."

Jumamosi ilipofika, ukumbini kulikuwa na sherehe ya kuwaaga wafanyakazi waliostaafu. Cheche alipiga simu, akaomba kuja kuonja wakati huo huo. Meneja alisita kidogo, akakubali. Cheche na binti walipokuwa wakifunga mlango, wakamkuta Bibi ameshasimama nje na fimbo yake, kitambaa kipya kichwani.

"Mnakwenda wapi bila ulimi?" Bibi aliuliza.

"Mama, wewe pumzika."

"Nitapumzika kaburini, nasikia huko nafasi ni nyingi. Nishike mkono."

Wakamshika mkono, wakaenda naye polepole. Meneja aliwapokea kwa tabasamu lile lile. Aliwakalisha kwenye meza ndogo nyuma, wakati wageni wa sherehe wakipanga foleni. Mhudumu akaleta sahani, na kwa heshima ya uzee akaiweka kwanza mbele ya Bibi.

"Karibu, mama," meneja alisema. "Wewe ndiye utakayetuambia ukweli."

Bibi alikuwa na njaa ya miezi. Alinawa, akasema bismillahi, akanyoosha mkono kuelekea kwenye wali.

Cheche alitazama sahani. Hakuona mvuke. Aligusa ukingo wake kwa kidole. Ulikuwa vuguvugu kama ukuta wa jioni. Alimtazama meneja, akaona lile tabasamu.  Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe: aliufunika mkono wa mama yake kwa mkono wake, akauzuia.

"Usile, mama."

Bibi alimkodolea macho. 

"Ndugu yangu," Cheche alimwambia meneja, na sauti yake ilitetemeka kama ya kijana anayeposa, "chakula hiki kimepoa. Mama yangu ametoka hospitali. Akila hiki, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nyanyua hii sahani, tafadhali."

Meneja aliona haya. Kisha akakasirika kidogo. "Lakini mzee, juzi ulikula hiki hiki. Ulisema kitamu sana. Ulimsifu mpishi!"

"Nilisema," Cheche alijibu. "Ulikuwa uongo wa adabu. Nisamehe. Wali ulikuwa mgumu na kuku alikuwa mbichi kwenye mfupa."

Meneja alikaa kwenye kiti kama mzigo uliokatwa kamba. 

"Kila mtu huniambia kitamu," alisema. "Wote. Wanaonja, wanasema kitamu, wanalipa. Baadaye nasikia mtaani kwamba watu waliumwa matumbo. Nilidhani ni maneno ya washindani."

"Hakuna anayetaka kukuudhi, baba," Bibi alimwambia kwa upole. "Una uso mzuri. Ndiyo shida yako."

Hata mhudumu alicheka. Meneja akainuka, akamwambia mhudumu arudishe masinia yote jikoni, wageni wapewe matunda na vinywaji kwanza. Kisha akampeleka Cheche jikoni.

Jiko lilikuwa safi. Maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo. Mpishi alikuwa mtu wa makamo, ametota jasho. Lakini majiko yalikuwa mawili tu.

"Kwa majiko haya nalisha ukumbi mzima," mpishi alisema. "Lazima nianze wali alfajiri. Ukiiva, naumimina kwenye mabeseni, nafunika kwa kitambaa, ndipo nipike nyama. Wageni wakija mchana umeshapoa. Na kuku wa mwisho namtoa haraka kwa sababu watu wanaita. Nimesema hapa mara ngapi?"

"Amesema," meneja alikiri. "Nilinunua feni badala ya majiko."

"Wali wa leo usiwape watu," Cheche alimwambia. "Hata ukipashwa. Pika mwingine. Bora wakusubiri."

Meneja alikuna kichwa. Ilikuwa hasara. Lakini aliangalia mabeseni yale, akamwambia mpishi abandike sufuria upya. Yeye mwenyewe akaenda ukumbini kuwaomba wageni radhi.

Cheche alibaki anayatazama majiko kwa jicho la fundi. Meneja aliporudi, Cheche alimwambia, "Nikutengenezee meza ya chuma. Chini inakaa moto mdogo, katikati beseni la maji, juu masinia yako. Maji yakichemka, chakula hakipoi. Lakini majiko mengine mawili ununue mwenyewe. Na wali upikwe kwa mafungu, la mwisho liive wageni wakiwa wanakaa."

"Ukinitengenezea, utakodi ukumbi?" meneja aliuliza.

"Nitaonja kwanza," Cheche alisema.

Meza ilipokuwa tayari na majiko mengine yamenunuliwa, walirudi kuonja siku ya sherehe nyingine. Safari hii Cheche hakusubiri kuulizwa. Alimpasua kuku mpaka kwenye mfupa. Alitafuna wali wa juu na wa chini ya sinia. Alimwambia mpishi chumvi imezidi, na mpishi akaonja, akakubali. Mvuke ulimpiga Bibi usoni, akafumba macho.

"Sasa lipa," Bibi alisema, mdomo umejaa.

Wakaandikiana kila kitu walichokubaliana: chakula gani, kipikwe saa ngapi, kiliwe saa ngapi. Kisha Cheche akalipa.

Harusi ilifanyika baada ya msimu wa mvua. Bibi alikula ukumbini, katikati ya watu, akaomba aongezwe. Hakuna aliyeumwa tumbo, wala siku ile wala kesho yake.

Meneja bado anaendesha ukumbi ule. Wateja wakija kuonja, huwapeleka jikoni kabla hawajaomba. Mpishi alipata msaidizi, na siku hizi haanzi kazi alfajiri. Mama Afya alihamishiwa wilaya nyingine. Cheche anaendelea na kazi yake, na mbali na mageti, sasa wenye kumbi na migahawa huja kuagiza meza za maji ya moto. Bibi aliishi miaka mingine minne, akafariki kwa uzee, usingizini. Binti na mumewe wamepanga nyumba karibu na soko. Wana mtoto wa kike. Anakula kila kitu.