Gari Linavuta Kushoto

Aliyepatwa na mambo haya alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na asubuhi yalipoanzia haikuwa na dalili yoyote mbaya. Nguo zilikuwa zimeanikwa, jua limetulia, na Spana alikuwa akilizunguka gari jipya la mkewe na kitambaa mkononi, akifuta mahali palipokwisha kung'aa. Jina la Spana lilimpata kazini, maana alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake. Alikuwa mtu mrefu, mtani, na mbishi kupita kiasi. Mkewe tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, na kila wiki alivuka mto kwenda kuchanja ng'ombe wa ng'ambo.

Mto huo ndio uliomnyima Spana usingizi. Miaka yote mkewe aliuvuka kwa pikipiki, juu ya daraja la chini ambalo mvua ikizidi hufunikwa na maji. Mara mbili alirudi amelowa mpaka kifuani, akicheka, na mumewe hakucheka. Aliapa kumnunulia gari ambalo mto wenyewe utaliamkia shikamoo. Alijinyima miaka sita, na siku lilipofika, la magurudumu manne yote yanayovuta, viti bado vimevishwa nailoni, alilia mbele ya watu bila aibu.

Lakini fundi haachi gari kama lilivyotoka kiwandani. Alitaka ngao ya chuma mbele, winchi ya kujivuta matopeni, springi za kuliinua, na lile bomba refu linalopanda ubavuni mpaka juu ya paa ili injini ivute hewa hata gari likiwa ndani ya maji. Vya dukani alividharau. "Vyepesi hivi," alisema, "vya kupigia picha tu." Akaenda kwenye yadi ya vyuma chakavu ya mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, tuliyemwita Mama Skrepa.

Huko alipata ngao nzito, nyeusi, ya gari la aina ileile lililokuwa limekatwa vipande. Aliifunga mchana huohuo. Haikuhitaji kuchongwa wala kugongwa, tundu lilikaa juu ya tundu. Kwenye ukingo wake kulikuwa na nukta tatu zilizopigwa mstari mmoja. "Alama ya fundi aliyeitengeneza," aliniambia, akizipapasa kwa kidole gumba. "Mtu aliyeipenda kazi yake."

Juma lililofuata alirudi kuchukua winchi. Mama Skrepa akakataa.

"Wewe ulishachukua ngao," alisema. "Vya gari lile, kila mtu kipande kimoja. Kingine katafute mji mwingine."

"Mama, winchi si ile pale naiona?"

"Unaiona, lakini si yako."

Spana alirudi amenuna, akidai yule mama anawawekea watu wake. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda ubishi, alitafuta njia ya kuzunguka. Alimtuma shemeji yake, mdogo wa Daktari, akanunue winchi. Binamu yake akaleta springi. Bomba alimwomba mama mkwe wake, kwa adabu zote, na yule mama ambaye hakujua bomba lile ni mdudu gani alirudi nalo kwenye teksi likiwa limetokeza dirishani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. "Ukoo mzima umeingia kazini," Spana alisema. Kila kipande kilikaa mahali pake bila nguvu. Kila kipande kilikuwa na nukta tatu.

Gari lilipoinuliwa, Daktari hakuweza tena kuona mbele. Pua tu ndiyo iliyovuka usukani. Basi shangazi yake Spana akatumwa kuleta kiti cha dereva cha gari lilelile, kile kinachopanda na kushuka. Daktari alikivuta mbele mpaka mwisho, akaweka mto mdogo aliousokota kwa vitambaa, na miguu yake ikafikia breki. Akapiga honi mara mbili kwa furaha. Mumewe akampigia saluti.

Asubuhi ya kesho yake kiti kilikuwa kimerudi nyuma mpaka mwisho.

"Fundi," Daktari aliita, "nani kaendesha gari langu?"

"Nani athubutu? Ufunguo unalala nao chini ya shavu."

Alikivuta tena. Kesho yake kilikuwa kimerudi. Kesho kutwa vilevile, na kioo cha kutazamia nyuma kimeinuliwa kwa ajili ya macho ya mtu mrefu. Spana alifungua reli za kiti, akatia grisi, akakaza kila nati, akasema ni klipu imechoka. Daktari alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ilikuwa mchana na chai ilikuwa mezani.

Kisha Daktari akaleta lalamiko jingine. "Gari linavuta kushoto."

Hilo fundi analijua. Alipima magurudumu, akarekebisha mara tatu, akalijaribu mji mzima. Lilikwenda limenyooka kabisa. "Si mjini," mkewe alimwambia. "Pale njia panda tu." Pale barabara hugawanyika. Kulia ni lami inayokwenda darajani. Kushoto ni njia ya kokoto inayoshuka kwenye kivuko cha zamani, ambacho hakuna aliyekitumia tangu daraja lijengwe. Spana alienda kujaribu mwenyewe, akarudi. Nilimwona akiitazama mikono yake. Ilikuwa na alama nyekundu, kwa jinsi alivyoung'ang'ania usukani.

"Springi zimepinda," alisema. Hakunitazama usoni.

Ilibaki kitu kimoja. Kifungio cha mkanda kilichokuja na kile kiti kilikuwa cha aina nyingine kidogo, mkanda wa gari jipya haukuingia, na Daktari alikuwa akiendesha bila kujifunga. Jambo hilo lilimtia Spana homa. "Sitaki uvuke mto bila mkanda," alimwambia. "Nitalala vipi?" Watu wa ukoo walikuwa wamekwisha kutumwa wote. Akanijia mimi, nikamletee mkanda wa gari lile.

Mama Skrepa alinipa ule mkanda polepole. "Unaufunga kwenye gari gani?"

"La kwangu," nilisema. Sina gari. Sijawahi kuwa na gari. Alinitazama kwa muda mrefu juu ya miwani yake, na mimi nikajifanya nasoma ubao wa bei ukutani.

Spana aliufunga asubuhi na mapema. Ulilia *tak*, safi. Daktari alikuwa na ng'ombe wagonjwa ng'ambo na hakutaka kungoja springi zibadilishwe. "Nitaushika kwa mikono miwili," alisema, akambusu mumewe shavuni, akaenda. Mvua haikuwa imenyesha kwa mwezi mzima. Mto ulikuwa chini sana. Ndiyo maana alimwachia.

Saa tatu hivi Spana aliniomba tufuatane yadini kutafuta springi za kubadilisha. Mama Skrepa alipomsikia akisema springi za gari lile zimepinda, alivua miwani.

"Hizo nilimpa kijana mwingine."

"Binamu yangu."

Akatugeukia mmoja mmoja. Midomo yake ilitembea kimyakimya, akiwahesabu wateja wake. "Winchi?"

"Shemeji yangu."

"Yule mama wa teksi?"

"Mama mkwe."

"Kiti?" 

"Shangazi yangu."

 Mama Skrepa akanitazama mimi, niliyechukua mkanda, nami nikaangalia chini. Akakaa kwenye ringi ya gurudumu. "Umevikutanisha vyote," alimnong'oneza Spana. "Mtu mzima na akili zako. Umevikutanisha vyote."

"Kwani vina nini?"

"Aliyelileta hapa alikuwa mjane. Gari lilikutwa kwenye kivuko cha zamani, mkanda umefungwa, na mumewe hayumo. Aliniapisha nilitawanye, lisikutane tena. Alisema walipolinunua nukta zilikuwa mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka, mwanangu."

Spana alikwisha kutoa simu. Vidole vyake vilikosea mara mbili. Ikaita. Akaweka spika.

"Daktari, uko wapi?"

"Njia panda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Fundi, linavuta."

"Simamisha."

"Nimekanyaga breki. Linakwenda."

"Handibreki!"

"Nimevuta."

Tulisikia kokoto zikigonga chini ya gari. Njia ya darajani ina lami.

"Fungua mkanda uruke. Mke wangu, ruka!"

"Haufunguki."

Kokoto tu.

"Fundi," alinong'ona. "Kiti kinarudi nyuma."

Spana alifumba macho.

"Miguu yangu haifiki."

Hakupiga kelele. Nafikiri aliogopa kusikiwa na mtu aliyekuwa karibu naye. Halafu tukasikia maji, mengi, yakipanda. Na injini ikiendelea kunguruma vizuri kabisa ndani ya maji, jinsi mumewe alivyoitengeneza.

Tulifika kivukoni kabla ya saa nne. Gari lilikuwa katikati ya mto, injini inawaka. Maji yalikuwa ya magoti. Spana aliingia na viatu vyake, akafungua mlango. Mkanda ulikuwa umefungwa na kukazwa, lakini kati yake na kiti hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa nyuma mpaka mwisho. Ule mto mdogo wa vitambaa ulikuwa juu yake, mkavu.

Polisi waliandika. Watu walitembea kando ya mto siku kumi na moja wakiita. Wazamiaji walikuja, wakasimama, wakatazamana, kwa kuwa hapakuwa na pa kuzamia. Buti zake hazikupatikana, wala sindano za chanjo, wala kitu chochote. Mama mkwe wa Spana alikaa sebuleni kwao akirudia neno moja, "Mimi ndiye niliyelipakia kwenye teksi."

Gari lilivutwa likaletwa nyumbani. Spana aliniita, akanionyesha ngao kwa kidole. Nukta zilikuwa nne. Tatu zilikuwa zimefifia kwa kutu. Ya nne ilikuwa inang'aa.

Kesho yake alfajiri alitoka na mashine ya kukatia vyuma, ameamua. Nilimsikia akiiwasha. Kisha akaizima. Nilipochungulia juu ya ukuta, alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho, pale alipokuwa akikaa mtu mmoja tu duniani. Spana alikuwa ameweka kiganja juu ya ule mto.

"Una joto," aliniambia.

Mama Skrepa alikuja mwenyewe, kwa miguu, akihema. "Likate leo," alimsihi. "Likate nikusaidie kulitawanya."

"Yumo," Spana alinong'ona.

"Hata kama yumo, huwezi kumtoa."

"Basi nitakaa naye."

Alikaa naye. Kazini hakwenda tena. Kila asubuhi aliingia kiti cha abiria, akifunga mlango taratibu, na kupitia ukutani nilimsikia akizungumza. "Leo unachanja wapi? Umekunywa chai?" Alikonda, ndevu zikamfunika. Nilimpelekea chakula, nikakikuta kesho yake kimeguswa kidogo tu. Nilimsihi, shemeji yake akamsihi, mama mkwe akampigia magoti, jambo ambalo mkwe hafanyi. Alimwinua, akamfuta vumbi gotini, akarudi garini. Mimi ndiye niliyeleta kipande cha mwisho, na yeye hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, ya siku ya kwenda ng'ambo. Nilikuwa napiga mswaki uani. Nilimsikia akiingia garini. Nikasikia *tak* ya mkanda.

Halafu *tak* nyingine.

Niliangusha mswaki. Nilipofika ukutani geti lilikuwa wazi na vumbi halijatua.

Tulilikuta kivukoni, maji ya magoti, injini inawaka. Mikanda yote miwili ilikuwa imefungwa. Kiti cha dereva kilikuwa mbele mpaka mwisho. Hapakuwa na mtu.

Mama Skrepa alilikata kwa mikono yake, akapeleka kila kipande mji wake, kwa mtu wake. Mkanda tu ndio hakumpa mteja. Aliuweka mikononi mwangu. "Wewe uliuleta," alisema. "Wewe kaa nao."

Mkanda ule uko ndani ya kopo la rangi, juu ya kabati langu, mfuniko umebanwa kwa nyundo. Kwenye kifungio chake kuna nukta tano. Jana jioni niliushusha nikazihesabu tena, nikakifungua kifungio kwa kidole, nikaurudisha ukiwa wazi. Asubuhi hii nimeukuta umefungwa, na mkanda umelowa.