Tone la Luhende

Nyamazeni, enyi mlioketi mbele, nanyi mliosimama mlangoni. Tulizeni watoto. Neno la leo ni neno la damu, na damu haina mzaha mbele za Mungu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya Nyakato vilipokuwa vikipata wamiliki wapya, nyuma ya kiwanda kimoja cha mafuta ya pamba palikuwa na maabara ya utafiti. Humo alifanya kazi Paskazia, mwanamke aliyechoka hata kulala hakukumpumzisha. Hadubini yake ilikuwa ya namna mpya. Haikuhitaji rangi inayoua chembe hai za damu. Ilimulika mwanga mwekundu wa leza, na kompyuta ikaupima mwanga ule na kuchora kila chembe kwa kimo chake, kama vilima na mabonde, nayo ikiendelea kuishi.

Chembe alizozitazama zilikuwa za Luhende, mfugaji wa Magu aliyelazwa hospitalini akiumwa. Alipomtoa damu wodini, mzee yule alitania, "Binti, usimalize. Niachie ya kuchungia ng'ombe."

"Ni ya kupima malaria tu, babu."

Alidanganya. Daktari Malimi, mkuu wake, alikuwa amemwambia kwamba kuomba ruhusa kunachelewesha kazi.

Luhende akafa. Chembe zake zikabaki katika sanduku la joto.

Kisha umeme wa mgao ukakatika kutwa nzima, sanduku likapoa, na chembe zilizopaswa kufa hazikufa. Umeme uliporudi, Paskazia aliwasha kompyuta, akaona chembe zote zikiinuka na kushuka kwa pamoja, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, na kadiri alivyozidi kutazama ndivyo harufu ya moshi wa zizini ilivyozidi kujaa chumba kile kisicho na dirisha, hata akasikia nyuma ya shingo yake pumzi nyingine ikifuata mwendo uleule, nzito, ya mtu mzima.

"Daktari," alinong'ona, "zinapumua."

"Umechoka. Nenda kalale."

"Na harufu hii?"

"Ya kiwandani," alisema Malimi, lakini naye alinong'ona.

Siku chache baadaye mjane wa Luhende, Dorotea, alifika maabara akiwa amenyolewa nywele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wodini wameniambia ndiwe uliyemtoa damu mume wangu. Tumemaliza msiba, tumenyoa. Lakini kila jioni ng'ombe wakiingia, ananiita nje ya ua. Anasema hajafika, sehemu yake imefungiwa kwenye mwanga mwekundu. Mwanangu, mmemfanya nini?"

Paskazia akapiga magoti, akasema yote. Mjane akamwinua.

"Ungemwomba, angekupa," alisema. "Alikuwa mtu wa kutoa."

Malimi alikunja uso, lakini alikabidhi chupa ya damu ile. Kule Magu, katekista Shimba aliimwaga ile damu kaburini, akamkemea pepo aliyepata mlango kwa uongo ule na kuvaa sauti ya marehemu. Ng'ombe wote wakalia kwa pamoja, kisha kimya. Jioni ile hakuna aliyeita. Dorotea akalala.

Paskazia alirudi kazini akiwa mwepesi. Akakuta mlango wa maabara umefungwa kwa ndani. Chini yake ulipenya mwanga mwekundu, na harufu ya zizi.

"Daktari?"

"Nilibakiza tone, Paskazia," Malimi alijibu kwa uchovu. "Tone moja tu. Kazi ya miaka yote hii ningeitupaje?"

Kisha, kutoka koo lilelile, mzee akacheka taratibu.

"Binti, usimalize. Niachie ya kuchungia ng'ombe."

Ndugu yangu unayenisikia, nakuhurumia, lakini sikufichi. Dhambi yako umezika nusu, na nusu umeifungia kabatini ukiiita kazi, ukiiita akiba. Hiyo nusu ni hai. Inuka, vunja kufuli, ukamrudishie mwenyewe leo, kabla haijajifunza kusema kwa kinywa chako.