Mkono Huu Una Mwenyewe

Uji ulikuwa wa wimbi, umekorogwa vizuri, na Ummulkheir alikuwa ameupuliza mpaka ukapoa. Alimfunga mumewe, Taib, kitambaa shingoni. Akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwake.

"Fungua mdomo, Baba Nabiha. Kidogo tu."

Taib alifunga mdomo kabisa.

Jirani alichungulia mlangoni. "Mgonjwa ameamkaje leo? Amekula?"

"Hataki," alisema Ummulkheir. "Siku hizi amekuwa kama mtoto mchanga."

Taib aliyasikia yote. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akakipiga kijiko. Uji uliruka mpaka ukutani.

"Unaona?" Ummulkheir alimwambia jirani, na machozi yakamtoka. "Ndivyo alivyo kila siku."

Kila siku Taib alikasirika. Alikasirika akilishwa, alikasirika akioshwa, alikasirika akifungwa vifungo vya shati. Zaidi ya yote, alikasirika watu wakimzungumzia naye yupo palepale, kana kwamba ni kabati.

Mtu huyu alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji la Nairobi. Alikuja kutoka Mombasa akiwa kijana, akaanza kwa kuuza leso. Wateja walimjua kwa maneno yake mengi na utani wake. Daktari alipomwambia ana presha ya damu, alinunua dawa na kuzimeza kwa muda. Kisha akajiona mzima, akaziacha.

Asubuhi moja Ummulkheir alimkuta sakafuni, mlangoni mwa bafu. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia haukuinuka. Alipojaribu kusema, maneno yalitoka kama ya mlevi. Jirani alishauri alazwe kitandani apumzike. Nabiha, binti wa Taib, alikataa. Aliita gari, wakamkimbiza hospitali saa ileile.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Mshipa wa damu umeziba kwenye ubongo. Mmefanya vyema kumleta haraka. Maisha yake yamesalimika."

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, daktari aliwaambia jambo lingine. Taib alihitaji kuanza mazoezi ya tiba ya viungo mapema. Lakini nyumbani ndugu walisema tofauti. Mgonjwa apumzike kwanza. Asichoshwe. Basi akapumzishwa. Akalazwa, akalishwa, akageuzwa. Mguu wa kulia ukazidi kukosa nguvu. Mkono ukaning'inia.

Ndipo shemeji mmoja akamtaja Dalmas, mnyoosha viungo wa Dagoretti Corner. Dalmas alikuja nyumbani na chupa ya mafuta.

"Usijali, mama," alimwambia Ummulkheir. "Hii mkono imelala tu. Mimi nitaiamsha."

Alimshika Taib kifundo cha mkono, akaweka goti ubavuni mwake, akavuta. Maumivu yalimpanda Taib mpaka utosini. Alitaka kusema "Acha!" Ulimi ukamsaliti. Ilitoka "Aaa!" tu.

"Akilia ni vizuri," alisema Dalmas. "Mishipa inaamka."

Ummulkheir alikishika kichwa cha mumewe. "Vumilia, Baba Nabiha. Ni kwa faida yako."

Taib alimtazama mkewe. Hakuwa amewahi kumchukia mtu kama alivyomchukia dakika ile. Na huyu alikuwa mwanamke aliyempenda tangu ujana.

Dalmas alirudi mara ya pili, na ya tatu. Bega likavimba. Taib hakuweza tena kulala. Jioni moja Nabiha, aliyekuwa karani katika ofisi moja huko Kilimani, alirudi kutoka kazini. Alimfungua baba yake shati, akaliona bega.

"Nani amefanya hivi?" alifoka.

"Tunajaribu kumsaidia," alisema mama yake.

"Mama, huku si kusaidia! Daktari alisema tiba ya viungo. Alisema kuvutwa kama ng'ombe wa machinjioni?"

Kesho yake Nabiha hakwenda kazini. Aliwapeleka wazazi wake kwenye kliniki ya karibu na ofisi yake. Kibao cha nje kilisema: Fiziotherapia na Osteopathia.

Waliingizwa katika chumba chenye kitanda cha mazoezi na reli ya kushikilia ukutani. Mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba aliingia. Hakumsimamia Taib kichwani. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, macho kwa macho.

"Shikamoo, Mzee. Mimi naitwa Kamene. Nimesomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Wewe ungependa nikuite nani?"

"Anaitwa Taib," Ummulkheir alijibu upesi. "Hasemi vizuri. Niulize mimi tu."

"Asante, mama. Nitakuuliza na wewe pia. Lakini kwanza nimsikilize yeye."

Kisha Kamene akanyamaza. Akangoja. Chumba kizima kilingoja. Taib alifungua mdomo. Tangu atoke hospitali, hakuna aliyewahi kungoja neno lake lifike mwisho.

"Ma... rahaba," alisema. "Taib. Mzee... Taib."

"Sawa, Mzee Taib. Kitu gani kinakusumbua zaidi?"

Nabiha alidhani atasema bega. Taib aliinua kidole cha mkono wa kushoto, akamnyooshea mkewe. Kisha akamnyooshea binti yake.

"Hawa."

Kamene hakucheka. "Wanakufanyia nini?"

"Kila... kitu!"

Ummulkheir aliruka kutoka kwenye kiti. "Husemi asante, unanishtaki? Mimi ndiye ninayekuosha! Mimi ndiye nisiyelala!"

"Mama, najua," alisema Kamene. "Kazi yako ni kubwa, na bila wewe asingekuwa hapa. Keti. Hatujaja kutafuta mkosaji."

Alifunga pazia. "Mzee, naomba kulitazama bega lako. Nitagusa hapa na hapa. Ukiumia, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha mara moja. Unaniruhusu?"

Taib aliitikia kwa kichwa. Kamene aligusa polepole. Mara moja Taib aliinua mkono wake mzima. Mara moja Kamene akaacha. Taib alishangaa. Aliinua mkono tena, safari hii kwa kumjaribu tu. Kamene akaacha tena.

"Nani aliuvuta mkono huu?" aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa na ukali.

Nabiha alimweleza habari za Dalmas. Kisha akauliza, "Lakini kibao chenu kinasema kuna osteopathia. Huyo mtaalamu hawezi kurudisha mfupa mahali pake?"

"Tunaye mwenzetu, Jeremy. Anatibu kwa mikono, na anasaidia wengi wenye maumivu ya mgongo na shingo. Yeye mwenyewe angekwambia ninachokwambia mimi. Shida ya baba yako haikuanzia kwenye mfupa. Ilianzia kwenye ubongo. Ubongo ndio unaouamuru mkono kuinuka. Amri ikikatika, misuli inalegea. Na misuli ndiyo inayolishikilia bega. Sasa bega halina mshikaji, halafu mtu anakuja kulivuta. Litaumia tu."

"Basi mkono utapona vipi?" aliuliza Ummulkheir.

"Ubongo unaweza kujifunza tena. Si kila kitu kitarudi, sitakudanganya. Lakini unajifunza kwa kutenda. Ukimlisha, anayefanya mazoezi ni wewe. Ukimvisha, anayefanya mazoezi ni wewe. Yeye analala, na ubongo wake unalala naye."

Ummulkheir alikunja uso.

Kamene aliwaonyesha mambo ya kuanzia. Mkono mgonjwa usivutwe kamwe, wala Taib asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapani. Akiketi, mkono uwekwe juu ya mto, usining'inie. Wakati wa kusimama, miguu irudi nyuma kidogo, kifua kiende mbele, ndipo ainuke. Mtu akae upande wake mgonjwa, tayari kumshika asianguke, lakini asimbebe. Na bega lile likaonwe na daktari.

"Jambo la mwisho," alisema. "Yeyote atakayekuja kugusa mwili wake, mwulizeni amesomea wapi, na leseni yake iko wapi. Mwenye leseni hakasiriki akiulizwa."

Daktari alilitazama bega. Halikuwa limevunjika, lakini nyama za ndani zilikuwa zimeumia. Aliagiza mazoezi yaendelee kwa uangalifu.

Juma lile Dalmas alibisha hodi na chupa yake ya mafuta. Kabla Ummulkheir hajasema neno, Taib alitoa sauti kutoka kwenye kiti chake.

"Uli... niuliza?"

"Nini, mzee?" Dalmas alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

"Mkono huu... una mwenyewe. Uliniuliza?"

Maneno yalitoka polepole, lakini yalitoka yote. Dalmas alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kinazungumza.

"Mimi hunyoosha wachezaji mpira," alisema kwa aibu. "Nilifikiri ni kitu moja."

"Si kitu kimoja," alisema Ummulkheir, akamfungulia mlango.

Lakini kumfukuza Dalmas kulikuwa rahisi. Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Taib alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, chakula kikamwagika, Ummulkheir akakichukua kijiko. Alijaribu kuinuka kitini, Ummulkheir akamkimbilia na kumnyanyua. Taib alifoka. Ummulkheir alinuna.

Siku moja kliniki, Kamene alimpima Taib presha kama alivyompima kila alipofika. Alipima tena. Akavua kifaa.

"Leo hakuna mazoezi. Presha iko juu sana. Unakwenda kwa daktari sasa hivi."

"Nimekuja... mazoezi!" Taib aligonga kiti kwa ngumi. "Kwanza mnasema nifanye. Sasa mnasema nisifanye!"

"Ungemeza dawa zako, tungefanya."

Nabiha alisema, "Anameza. Mama humtilia mdomoni kila asubuhi."

Kamene hakumwangalia Nabiha. Alimwangalia Taib, akangoja. Taib aliangalia sakafu.

"Natema," alisema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Kwa sababu... ananitilia mdomoni."

"Mzee Taib," alisema Kamene, "hasira yako naielewa. Wengi waliopata kiharusi hukasirika, au hulia, na si tabia mbaya. Ubongo umejeruhiwa, na moyo pia. Lakini ukitema dawa, humkomoi mkeo. Unaita kiharusi cha pili."

Daktari alimhudumia, na siku ile Taib alirudi nyumbani na vidonge mfukoni mwake mwenyewe. Kuanzia hapo alivimeza kwa mkono wake, mbele ya mkewe.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Taib aliketi ukingoni mwa kitanda, akishindana na shati. Ummulkheir alisimama mlangoni. Mkono wa shati ulijikunja. Taib alivuta, ukajikunja zaidi. Ummulkheir hakuweza kustahimili. Alikwenda, akalishika shati.

"Niache!" Taib alipiga kelele.

"Sikuachi!" Ummulkheir alipiga kelele zaidi. Hakuwa amewahi kumpandishia sauti namna ile. "Unadhani napenda kukulisha? Nilikukuta sakafuni mdomo umepinda! Nilikuita huitiki! Tangu siku ile, ukiinua kikombe tu, mimi nakuona unaanguka. Wewe una hasira. Na mimi je? Mimi ni jiwe?"

Alijifunika uso kwa mikono miwili.

Taib aliliachia shati. Katika ghadhabu yake yote, hakuwahi kujiuliza mkewe aliona nini asubuhi ile.

"Keti," alisema. "Hapa. Nitazame tu."

Ummulkheir aliketi. Taib alilitandaza shati mapajani kama Kamene alivyomfundisha. Mkono mgonjwa kwanza. Aliuingiza taratibu, akalipandisha shati mpaka begani. Akalizungusha mgongoni. Lilikwama. Mkono wa Ummulkheir uliinuka, akaurudisha, akaukalia. Taib alijaribu tena. Ndipo akaingiza mkono mzima.

Kifungo kimoja kilikosea tundu. Ummulkheir alikiona, akakiacha.

"Alhamdulillahi," alisema Taib, na jasho linamtiririka.

"Alhamdulillahi," alijibu Ummulkheir. Alikuwa analia na kucheka.

Miezi ilipita. Vidole vya mkono wa kulia havikurudi vyote. Bado vilikuwa vizito. Lakini bega liliacha kuuma. Taib alitembea kwa mkongojo, akala mwenyewe, akatawadha mwenyewe akiwa ameketi kwenye kigoda. Siku nyingine Nabiha alimpeleka dukani, akakaa mpaka adhuhuri, akibishana na wateja. Na Ummulkheir alianza tena kulala usiku kucha.

Siku moja Taib alikuwa kliniki, chumba cha kungojea. Mwanamke aliingia akimsukuma kaka yake kwenye kiti cha magurudumu. Mwanamke huyo aliitwa Ivyne. Kaka yake, Zedekiah, alikuwa mbeba nyama katika machinjio ya Dagoretti, mtu wa mabega mapana. Uso wake ulikuwa umelegea upande mmoja.

Mgonjwa mmoja aliyeketi karibu aliuliza, "Pole sana. Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mwezi jana," alisema Ivyne. "Haelewi kitu siku hizi. Ni kukasirika tu."

Taib aliuona mkono mzima wa Zedekiah ukikunja ngumi. Alisimama: miguu nyuma, kifua mbele. Uso wake ulikuwa umewaka.

"Haelewi nani?" alisema kwa sauti iliyojaa chumba. "Yupo hapa! Anasikia!"

Ivyne alishtuka. "Baba, samahani, sikujua..."

Taib alikuwa ameshamwendea Zedekiah. Alivuta kiti kwa mkono wa kushoto, akaketi mbele yake, macho kwa macho.

"Naitwa Taib," alisema. "Wewe waitwa nani, ndugu yangu?"

Dada alifungua mdomo kujibu. Taib aliinua kidole, naye akaufunga. Kisha Taib, mtu wa maneno mengi, akanyamaza. Akangoja.

"Ze..." alisema yule mtu. "Zede..."

Taib aliendelea kungoja.