Kiingereza cha Kahonzi na Chupa ya Dawa

Kila asubuhi mjukuu wangu Kahonzi aliianza siku kwa kusoma. Hakuanza kwa kusali, wala kwa kufagia ua. Mimi nikiwa jikoni kwangu hapa Maweni, Malindi, nageuza mahamri kwenye karai, yeye husimama mlangoni akasoma kwa sauti chochote kilichoandikwa Kiingereza: paketi ya majani ya chai, karatasi ya sabuni, hata kopo la dawa ya mende. Alisoma kwa pua, kama mwenye mafua. Majirani wakisema, "Mjukuu wako msomi," nami niliyeishia darasa la nne huvimba kichwa. Ujinga wangu huo siufichi.

Mwaka wa 1984 alikuja Thuweiba, binti wa Mwarabu mwenye duka la tende na buni mtaa wa pili. Alitoka Hadhramaut na mama yake na mdogo wake mchanga, Saidi. Kiarabu alikijua barabara, Kiswahili alikuwa akikiokota njiani, na Kiingereza hakuwa nacho. Basi alikuwa na daftari. Kila kitenzi cha Kiingereza alikiandika kushoto, Kiarabu chake kulia, Kiswahili katikati. Halafu aliuliza: "Nani anafanya? Anafanyia kitu gani? Kwa nini?" Hakukiacha kitenzi mpaka amekitungia sentensi tatu.

Kahonzi alimdharau waziwazi. Siku moja walipita ukumbini kwangu, nikamsikia akimwambia, "Wewe umewekwa darasa la sita kwa urefu wako tu. Kiingereza hakipimwi kwa kibaba kama buni za babako!"

Wenziwe wakacheka. Thuweiba akanisalimu, "Shikamoo, nyanya," akaenda zake.

Jumatatu moja mtoto Saidi alikuwa na upele mwili mzima. Mama yake alimpeleka zahanati, akapewa chupa ya dawa ya kupaka jioni tatu mfululizo. Mganga alieleza kwa Kiswahili cha mbio, na mama akaitikia kwa kichwa, naye hakuelewa neno. Kwenye chupa paliandikwa Kiingereza, na katika maandishi hayo mlikuwa na kitenzi ambacho Thuweiba hakuwa nacho daftarini: "dilute".

Alimfuata Kahonzi kisimani. "Kahonzi, hiki maana yake nini?"

Kahonzi hakukijua. Hajapata kukiona. Lakini wasichana watatu walikuwa pale na ndoo zao, wanamtazama.

"Hata hicho? Hicho ni kupaka na kusugua, mpaka dawa iingie ndani. Andika upesi, nina kazi."

Thuweiba akaandika, akasema ahsante.

Yaliyotokea darasani siku ya pili Kahonzi alinisimulia mwenyewe, kamasi zikimtoka. Mwalimu Joram alitaka kila mmoja atunge sentensi kwa kitenzi kipya. Thuweiba akasimama na daftari lake, akasema kwa Kiingereza kwamba kila Ijumaa mama yake hu-dilute mafuta kwenye nywele zake. Mwalimu akakunja uso.

"Nani amekufundisha takataka hii?"

Thuweiba alimtazama Kahonzi mara moja tu, kisha akatazama chini. Hakumtaja. Darasa likacheka, na Kahonzi, Mungu amsamehe, alicheka nao.

Mwalimu akachukua gilasi ya maji, akatia tone la wino wa buluu. Maji yakawa ya buluu hafifu. "Hii ndiyo dilute. Kitu kikali unakichanganya na maji, ukali upungue."

Kicheko kikamkauka Kahonzi mdomoni. Jana mtoto alipakwa dawa tupu. Na leo jioni atapakwa tena.

Hakuthubutu kumwambia mwalimu. Alinijia mimi mbio, viatu mkononi. Nilipomsikiliza nikaweka mwiko chini.

"Kumbe mie nimelea kasuku! Maneno umejaza mdomoni, na hujui unachosema. Twende."

"Nyanya, nenda wewe tu. Naona haya."

"Haya ulizipeleka wapi jana? Tangulia!"

Tulimkuta mama yake Thuweiba ana pamba mkononi na chupa wazi. Mtoto tumbo lilikuwa jekundu kama aliyemwagiwa uji wa moto, sauti imemkauka kwa kulia. Thuweiba alikuwa amemshika mama mkono, anamsihi kwa Kiarabu asubiri, maana alijua kuna kosa ingawa maelezo ya mwalimu hakuyashika vyema, na mama anang'ang'ana: mganga amesema jioni tatu.

"Mwambie mamako," Kahonzi akasema, "nilikudanganya. Sikukijua kitenzi kile."

Thuweiba akafasiri. Mama akazidi kuchanganyikiwa, kwani kuambiwa fulani amedanganya si kuambiwa dawa ifanywe nini. Basi mimi nikachukua kikombe cha maji, nikamwonyesha chupa, nikasema neno letu la kila siku: "Hafifu, mama. Ifanye hafifu."

Macho yakamfunguka. "Khafif!" akasema. "Khaffifi!" yaani ifanye hafifu. Kumbe neno ni lao, sisi tuliliazima zamani.

Tukamwosha mtoto, tukarudi zahanati na chupa. Mganga akatuonyesha: kijiko kimoja cha dawa kwa vitatu vya maji, na apumzishwe siku mbili kwanza. Ngozi ilipona baada ya wiki.

Jioni ile, tulipokuwa tunaondoka mlangoni pao, yule mama alimtazama Kahonzi tangu utosi hadi kidole cha mguu, akasema jambo. Thuweiba hakutaka kulifasiri. Nikamwambia, "Lifasiri, mwanangu. Analihitaji."

"Anauliza, huko shuleni hamjafundishwa kusema sijui?"

Njiani nilimwambia mjukuu wangu hivi: "Yule asiyejua anauliza, anaandika, kesho anajua. Wewe usiyejua na unajibu, utabaki hapo hapo, na wengine wataumia kwa ajili ya maringo yako. Mjinga si yule mwenye daftari."

Kesho yake alfajiri nikageuza mahamri yangu, ua umefagiwa, mlango kimya. Nilipochungulia, Kahonzi alikuwa amekaa barazani na Thuweiba, daftari kati yao. Thuweiba alionyesha neno kwa kidole.

"Hilo," Kahonzi akasema, bila kupitia puani, "silijui. Tukamwulize mwalimu."