Nani Ameutoa Wimbo wa Mwalimu Leodegar?

Jumamosi asubuhi, Mwalimu Leodegar alikuwa anamwagilia mchicha nyuma ya nyumba yake, Ifakara. Mpangaji wake mmoja, Sikitu, alikuwa anafua nguo karibu na bomba huku akiimba. Sikitu ni binti wa Kisukuma kutoka Mlimba. Anasomea uuguzi, na ana sauti nzuri.

Mwalimu alisikiliza kidogo. Kisha akaweka ndoo chini. Wimbo ule aliujua, kwa sababu aliutunga yeye mwenyewe.

Leodegar hufundisha kwaya ya parokia. Wimbo ule alikuwa ameutunga kwa ajili ya jubilei ya parokia, na alitaka watu wausikie kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alijirekodi akiimba, akauhifadhi kwenye kompyuta yake ya sebuleni. Nakala ya nota alimpa mtu mmoja tu, Theodori, mpiga kinanda.

"Theodori," alisema moyoni. Hakumuuliza Sikitu neno. Aliingia ndani, akachukua simu na kumpigia Theodori.

"Wimbo nilikupa kwa siri, wewe umeugawa mtaani. Leo usije mazoezini."

"Mimi sijaugawa, mwalimu. Lakini sawa," Theodori alijibu, akakata simu.

Mke wa Leodegar, Mariana, alikuwa anachambua mchele mezani. Alisikia yote.

"Baba Hilary, Sikitu amekwambia kwamba ameupata kwa Theodori?"

"Sijamuuliza."

Mariana aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Leodegar alirudi bombani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Sikitu.

"Marahaba. Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Kwako, mwalimu. Mbona nilidhani umetuwekea wapangaji tusikilize?"

Sikitu alifuta mikono, akaleta laptop yake. Wapangaji wote wa nyumba ile wanatumia waifai moja na mwenye nyumba. Alionyesha kwenye kioo alama ya kompyuta iliyoandikwa LEODEGAR. Akaigusa, folda ikafunguka bila kuuliza nywila. Mle ndani mlikuwa na nyimbo. Chini ya nyimbo mlikuwa na picha ya hati ya kiwanja, kitambulisho cha Mariana na vyeti vya watoto.

"Hivyo vingine sijavifungua," Sikitu alisema taratibu.

Leodegar aliinama kuitazama ile picha ya hati. Mtu angeweza kuchukua hati ile. Angeweza hata kufuta kila kitu. Na Theodori je, aliyekuwa ameambiwa asije mazoezini?

Lakini kilichomsumbua zaidi kilikuwa swali. Kompyuta yake ilikuwa na antivirusi. Ilikuwa ya bure, lakini kila asubuhi ilimwonyesha alama ya kijani na kumwambia kwamba yuko salama. Sasa ilikuwaje?

Alikwenda kumwita jirani yake, Levina, anayefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Levina alikuja, akaketi mbele ya kompyuta ya sebuleni na kuangalia hapa na pale.

"Mwalimu, antivirusi yako ni nzima," alisema. "Haijakudanganya. Hakuna kirusi humu."

"Sasa wimbo umetokaje?"

Levina alitazama mezani. "Mama Hilary hapa anatafuta mawe kwenye mchele. Hiyo ndiyo kazi ya antivirusi. Inachambua mafaili, ikikuta baya inalitoa. Sasa mtu akiingia ghalani na kubeba gunia la mchele safi, anayechambua mawe atasema nini?"

"Atasema mchele hauna mawe," Mariana alijibu.

"Basi. Mlangoni anatakiwa mlinzi. Mlinzi wa kompyuta anaitwa fayawoli. Anaangalia nani anabisha hodi kutoka kwenye mtandao, na nani aruhusiwe. Wa kwenu amezimwa."

"Amezimwa na nani?"

"Kuna fundi amewahi kuigusa hii kompyuta?"

Leodegar alikumbuka. Mwaka uliopita wapangaji walitaka kuchapa kazi zao kwa printa ya sebuleni. Printa ikagoma. Fundi mmoja aliitwa, akabonyezabonyeza, printa ikakubali. Hakueleza alichofanya, na Leodegar hakuuliza.

"Alizima fayawoli," Levina alisema, "akaifungua folda hii kwa kila mtu aliye kwenye waifai yenu. Njia ya mkato hiyo."

"Mtandaoni nimeona fayawoli za bure nyingi," Leodegar alisema. "Niweke mbili? Tatu?"

"Moja tu. Zikiwa mbili zinagombana, na kompyuta inakuwa nzito. Antivirusi nyingine za kulipia huja na fayawoli ndani yake. Hii yako ya bure haina. Lakini kompyuta yenyewe imekuja na fayawoli yake, na kwa nyumbani inatosha. Usiende kupakua nyingine kwenye tovuti usiyoijua, utaleta mwizi ukidhani ni mlinzi."

Levina alimpisha kwenye kiti. "Washa mwenyewe."

Leodegar alivaa miwani. Alifungua mipangilio ya usalama, akakuta neno fayawoli lina alama nyekundu. Akaiwasha. Kisha Levina akamwonyesha mahali pa kuchagua aina ya mtandao, wa binafsi au wa watu wote.

"Hii waifai ni ya nyumbani kwangu," Leodegar alisema. "Si ya binafsi?"

"Wanaitumia watu wangapi?"

Alihesabu wapangaji, na wageni wao wanaopewa nywila. Akachagua mtandao wa watu wote. Mwisho akaondoa ruhusa ya folda ile.

"Sikitu," aliita, "jaribu sasa."

"Siioni tena, mwalimu," Sikitu alijibu kutoka chumbani kwake.

Leodegar alifungua barua pepe zake. Zilifunguka. Akageuka. "Mbona zimeingia kama mlango umefungwa?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeita," Levina alisema. "Ukiita, jibu linaruhusiwa. Anayezuiwa ni anayebisha bila kuitwa. Ila programu ikikuuliza kama uiruhusu kupokea wageni, soma jina lake kwanza. Kama huijui, kataa."

"Na wapangaji watachapaje?"

"Walete kazi kwa flashi. Na hapo antivirusi itaikagua flashi. Fayawoli haichambui mawe, mwalimu. Ukifungua mwenyewe faili lenye kirusi, haitakuokoa. Ndiyo maana unazihitaji zote mbili, na zote uzisasishe."

Levina alipoondoka, Leodegar hakukaa. Alipanda baiskeli hadi kwa Theodori. Alimkuta barazani anafunga mnyororo wa pikipiki.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Wimbo niliuacha wazi mwenyewe. Nilikulaumu kabla ya kuuliza."

Theodori aliendelea na mnyororo mpaka ukakaa. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Uliuacha wazi vipi?"

Leodegar alimweleza yote, tangu printa hadi rangi nyekundu. Theodori alisikiliza, akauliza tena pale asipoelewa. Mwisho alisimama.

"Kompyuta yangu nayo ina antivirusi ya bure. Sijawahi kuangalia hicho kingine. Njoo."

Waliingia ndani. Leodegar hakugusa kitu. Alimwelekeza tu mahali pa kubonyeza, kama Levina alivyofanya. Fayawoli ya Theodori ilikuwa imewashwa, lakini orodha ya programu zilizoruhusiwa kupokea wageni ilikuwa ndefu. Theodori alisoma jina moja baada ya jingine. Mbili hakuzijua kabisa. Akaziondolea ruhusa.

Kisha alifunga kompyuta, akachukua karatasi za nota kutoka kabatini.

"Mazoezi ni saa kumi," alisema. "Na kwenye ubeti wa pili, mwalimu, sauti ya tatu umeiweka juu mno."