Kasuku na Maneno ya Chumbani

—Rudisha nyuma kidogo, mke akasema.

Mumewe akajifanya hakusikia. Mashabiki wanamwita Kasuku, kwa sababu kazi yake ni kutia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje, na anaigiza wote, wanaume kwa wanawake. Jumapili hiyo mchana alikuwa amewawekea mama yake na dada yake, anaoishi nao nyumba moja, kazi yake mpya: filamu ya viumbe wa sayari nyingine wanaoishi miongoni mwa binadamu. Mmoja ameolewa, na mume hana habari.

Wifi akarudisha, maana hapo naye palimfurahisha. Yule kiumbe, machozi yakimlengalenga, akasema kwa sauti nyembamba ya Kasuku:

—Wenzangu wakigombana na waume zao hurudi kwao. Mimi nikikasirika nageukia ukutani. Sina kwetu.

Wifi akacheka mpaka akashika mbavu. Mama mkwe akasema kiumbe kama huyo hafai, unakula naye sahani moja kumbe si mtu wa kwenu.

Mke hakucheka. Maneno yale yalikuwa yake, neno kwa neno. Alimwambia mumewe chumbani, wakiwa wawili tu, siku alipomfunulia kwamba aliokotwa akiwa mchanga na kulelewa kwenye nyumba ya yatima. Ukweni walijua tu kwamba wazazi wake walifariki. Ukiishi na kasuku, chunga mdomo.

Akaandika kwenye simu: "Umeniuza."

Kasuku, kiti cha pili, akajibu: "Ni filamu tu mke wangu. Hakuna atakayejua. Twende tukaongee chumbani."

Hilo la chumbani ndilo lililomwinua.

—Mama, zima kwanza. Huyo kiumbe ni mimi.

Akasimulia yote akiwa amesimama: kuokotwa, kulelewa, na uongo aliousema kwa hofu ya kukataliwa. Wifi alibaki na rimoti mkononi, kicheko kimemkauka.

—Nilikosa maneno, Kasuku akasema. Kwenye filamu yenyewe ya nje analia tu, hasemi kitu. Nikamwazimia yako. Yalikuwa mazuri.

—Ungeniomba.

—Ungekataa.

—Ndiyo, ningekataa.

Akaingia ndani, akatoka na begi. Mlangoni akasimama. Hakujua ageuke kushoto au kulia, kwa sababu kweli hakuwa na pa kwenda. Mama mkwe akainuka akamshika begi.

—Unakwenda wapi?

—Sijui, Mama.

—Nimetamka neno baya leo mbele yako. Nisamehe.

Kisha akamgeukia mwanawe.

—Toka.

—Mama?

—Binti yangu amekosana na mumewe, yuko kwao. Wewe unafanya nini hapa?

Kasuku alidhani utani, hadi dada yake alipomfungulia mlango. Akaenda kulala kwa rafiki. Kila alipotuma ujumbe wa kuomba kurudi, mkewe alimjibu: "Zungumza na mama yangu." Ikabidi kwanza aiondoe ile filamu sokoni na kuitia sauti upya. Safari hii kiumbe analia kimya.

Ndipo akaja, shati limenyooshwa, akipiga hodi kwenye nyumba alimozaliwa. Mama yake akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamuuliza ana shida gani.

—Nimekuja kumfuata mke wangu.

—Ngoja tumuulize kama bado anakutaka.

Mama mkwe akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba, ambako mkwewe alikuwa kwenye cherehani akishona gauni la mteja.

—Mwanangu, kuna mtu sebuleni amekuja kukuomba. Unamtaka?

Siku ya ndoa yake hakukuwa na mzazi wa kumuuliza swali hilo. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa, akaangalia kazi iliyobaki.

—Namtaka, Mama. Lakini asubiri nimalize pindo.