Kichocheo Hakiliwi

Povu la shimoni lilimwita Anaeli kwa jina ambalo hakuna mwingine aliye hai aliyelijua.

"Baba Elirehema."

Ilikuwa saa saba mchana, jua la Same limesimama wima. Kijiji kizima cha ujamaa kilimwita Mzee Anaeli, mgane asiye na mtoto. Mwanawe Elirehema aliishi siku mbili, akafa kabla ya ubatizo. Jina lake lilibaki kati ya Anaeli na mkewe Esta, na Esta alikuwa kaburini huko milimani, mwaka wa nne sasa.

"Naam," akaitika kabla hajajizuia.

Kazi yake ilikuwa kukoroga. Kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta kilikuwa kimefungwa, kikaacha shimo la tope jeusi linalonata, na vuli ikifika lingefurika hadi kisimani. Bartholomeo, fundi kutoka mjini, alileta dawa ya majimaji na gunia la unga wa rangi ya kutu. Dawa hula mafuta, alieleza, ila peke yake ni mvivu. Unga ndio unaoichochea.

"Na unga unaliwa na nani?"

"Kichocheo hakiliwi, mzee. Kinawagombanisha wenzake, chenyewe kinabaki kilivyo. Ukimaliza, kikusanye, ukitunze pakavu mpaka nirudi."

"Kama mchonganishi wa kijijini."

"Huyo huyo."

Tangu siku alipoitika, kila adhuhuri povu lilipanda, uvundo wa mafuta ukakatika, ikaja harufu ya tangawizi mbichi, ile ya viganja vya Esta siku za kuvuna, na sauti ikamuuliza kama amekula, nani anamfulia, kwa nini shati halina kifungo, naye akajibu kwa kunong'ona huku akikoroga, akiogopa itaendelea, akiogopa zaidi kwamba itanyamaza.

Mganga Nathanaeli alisimama ukingoni, akanusa.

"Uliitika?"

"Niliitika."

"Tulifundishwa utotoni, sauti isiyo na mwili haiitikiwi."

"Nilikumbuka, mzee. Lakini nyumba yangu ina miaka minne haijaniita."

Nathanaeli hakumkaripia. "Jini huyu amekaa kwenye tope," alisema polepole. "Likiisha, ataondoka. Watoto wanakunywa kisima kile, Anaeli."

Akakoroga. Siku ya mwisho sauti ilisema, "Unanifukuza?" Alilia, akakoroga mpaka maji yakaonyesha chini, na chini palikuwa na unga tu. Kimya. Akauchota, akaukausha juani, akaurudisha guniani, akaliweka gunia ghalani. Haukuwa umepungua hata konzi moja.

Mvua ya vuli ilianguka alasiri ile ile. Paa la ghala lilivuja, akabeba gunia hadi kwake, akaliweka kando ya kitanda, akajilaza kusikiliza mvua.

Harufu ya tangawizi ilianzia guniani.

"Baba Elirehema, sogea kidogo. Mtoto ana baridi."

Anaeli akasogea ukutani.